Kichwa cha tela kimekuwa lori la chama: tumefanya nini, na tumekosea wapi

(Hotuba ya fundi wa chama kwenye mkutano mkuu wa wanachama, Baraka. Tumeiandika sawa vile ilisemwa, tumepunguza marudio tu.)



Komite imeniomba nieleze habari ya lori. Najua kuko wenye kusema lori limekula pesa ya chama. Kuko wenye kusema fundi ni mkaidi, anakataa kupakia. Na kuko mama mmoja hapa mbele ambaye mhogo wake ulioza ju lori lilikuwa limelala garajeni. Sitakimbia hata moja ya maneno hayo. Nitaeleza kwa mpango, halafu mtaniuliza, halafu mtapiga kura.

Kwanza tukumbuke tumetoka wapi. Tangu mwisho wa 2005 meli zilianza kutuleta kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka. Wengine walitoka Lugufu, wengine Nyarugusu. Tulikuta mashamba yamekuwa pori. Tulilima. Leo shida yetu siyo kulima tena. Mhogo uko, mahindi iko, mawese iko. Shida ni kwamba mwenye lori ndiye anapanga bei. Anakuja shambani, anasema "natoa hii, hutaki bakia na mhogo wako." Utafanya nini? Unauza. Ndiyo sababu mwaka jana tulikubaliana kila mmoja achange, na wafadhili wakaongeza, ili chama kipate gari lake.

Pesa tuliyopata haikutosha kununua lori zima lenye nguvu ya kupita njia yetu wakati wa mvua. Mnaijua hii barabara ya taifa namba 5, kutoka hapa kupitia Nundu na Mboko mpaka Makobola na Uvira. Kwenye ramani si mbali. Kwenye matope ni mbali sana. Ndipo tukasikia kuko motoka ya zamani ya jeshi, imekaa uwanjani kwa mfanyabiashara mmoja Uvira. Si lori. Ni kichwa cha tela, kile kinachovuta. Tela yake ilikuwa imepotea, mwenyewe hakuwa na kazi nayo, na aliiuza karibu nusu ya bei ya lori zima.

Nieleze ni motoka gani, ju wengi wanaiita tu "ile ya jeshi". Ni M931, ya jamii inayoitwa M939, iliyotengenezwa Marekani kwa ajili ya jeshi lao kuanzia miaka ya 1980. Jeshi likishamaliza nazo, zinauzwa kwa raia. Ina ekseli tatu, na magurudumu yote yanavuta, ya mbele na ya nyuma. Injini ni Cummins ya silinda 6, lita 14, nguvu farasi 240. Giaboksi inabadilisha gia yenyewe. Usukani uko kushoto, sawa vile njia yetu inataka. Umeme wake ni volti 24, siyo 12. Hilo tulijifunza siku ya kwanza: kijana mmoja alifunga redio ya gari ndogo, ikatoa moshi kabla haijatoa wimbo.

Sasa, kichwa cha tela hakina mahali pa kuweka gunia. Nyuma kuko ile sahani kubwa ya chuma yenye mafuta, inayoshika tela. Mafundi wetu wanaiita seleti. Kazi yetu ilikuwa kutoa seleti na kuweka karoseri ya mizigo mahali pake. Kwa macho ni kazi nyepesi: toa kile, weka hiki. Mimi pia niliwaza hivyo. Hapo ndipo makosa yalianzia.

Jambo la kwanza ni urefu wa karoseri. Mnakumbuka tuligombana. Wengi mlitaka mita 5, "ili ibebe mingi". Nilikataa, nikaitwa mkaidi. Leo nieleze vizuri, kwa hesabu.

Jamii hii ya M939 ina lori la mizigo pia, linaitwa M923. Ukiyaweka sambamba utadhani ni mapacha. Lakini pima kutoka ekseli ya mbele mpaka katikati ya zile mbili za nyuma. Lori la mizigo lina karibu mita 4 na sentimita 55. Kichwa cha tela kina mita 4 na sentimita 24. Ni kifupi kwa sentimita 30, ju kazi yake ni kukata kona na tela. Kwa hiyo karoseri ya lori la mizigo huwezi kuihamisha tu.

Sisi watu wa ziwa tunajua mtumbwi. Mkikaa wote nyuma, pua inapanda, na mwenye kasia hawezi kuuelekeza. Lori ni vilevile. Uzito ukipita nyuma ya katikati ya ekseli za nyuma, mbele panakuwa pepesi. Shoferi anazungusha usukani, lori linaenda moja kwa moja mtoni.

Tulipima kutoka nyuma ya kabini mpaka katikati ya ekseli za nyuma. Gurudumu la akiba lilikuwa limesimama nyuma ya kabini, tukalihamisha, tukapata mita 1 na sentimita 90. Sasa tuweke karoseri ya mita 5. Katikati yake ni mita 2 na nusu. Maana yake, katikati ya mzigo iko sentimita 60 nyuma ya ekseli. Ukipakia kilo 5,000, ekseli ya mbele inapoteza karibu kilo 700. Na hiyo ni kwenye njia sawa. Kwenye mlima inazidi.

Tukiweka mita 3 na sentimita 60, katikati ni mita 1 na sentimita 80. Mzigo uko sentimita 10 mbele ya katikati ya ekseli. Usukani unabaki na uzito wake. Ndiyo maana karoseri yetu ni ya mita 3 na sentimita 60. Siyo ukaidi wa fundi.

Jambo la pili ni namna ya kuifunga. Hapa naomba mnisikilize vizuri, ju kosa ni langu, si la mtu mwingine.

Shasi ya gari hii ni vyuma viwili virefu, tunaviita longero. Si chuma cha kawaida cha mlango. Kilipikwa kiwandani kwa moto maalumu ili kiwe kigumu na bado kijinyonge njia ikiwa mbaya. Ukikichoma tena kwa fimbo ya kuchomelea, pale pembeni ya mshono ule ugumu unaharibika. Lori likipita shimoni, shasi inajinyonga, na ufa unaanza palepale. Nilikuwa nalijua hilo. Nililisikia kwa mafundi wakubwa kule Kigoma. Lakini boliti ngumu zilikuwa hazijafika kutoka Bujumbura, mavuno yalikuwa yanakuja, kila siku mtu ananiuliza "Fundi, lini?" Nikachomelea vishikio vinne juu ya longero. Nikasema nitabadilisha baadaye.

Safari ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, tukirudi kutoka Uvira, tulisimama mtoni Mutambala kuosha. Kijana msaidizi wetu akaingia chini na kitambaa. Akaniita: "Fundi, kuko mstari wa kutu hapa, nafuta hautoki." Nikaingia. Haukuwa mstari. Ulikuwa ufa, kutoka pembeni ya mshono wangu, umeshashuka urefu wa kidole. Kama kijana yule angefuta tu na kunyamaza, safari ya nne shasi ingekatika na watu wakiwa juu. Naomba mumpigie makofi. Yeye, siyo mimi.

Ndiyo hivyo lori lililala wiki tano. Wiki tano katikati ya mavuno. Mama, mhogo wako ulikuwa magunia 14, umekwisha kukaushwa, mvua ikaunyeshea kwenye depo isiyo na bati nzuri. Nilikuja kwako nikakuomba radhi, nakuomba tena mbele ya watu. Malipo yangu ya ufundi ya miezi miwili nimeyaacha kwenye sanduku la chama, na komite imekubali yaingie katika kukulipa. Hayafiki thamani ya mhogo wote. Najua.

Tulitengenezaje? Niseme, ili mwenye gari akajifunze kwa kosa letu asilipie lake.

Kwanza tulitoa betri na kufungua nyaya za altaneta, ju umeme wa kuchomelea unaweza kuziua. Tukatoboa tundu dogo pale mwisho wa ufa. Ufa ukikutana na tundu la mviringo, unasimama. Tukasaga ufa mpaka chuma kisafi. Tukamwita fundi wa kuchomelea kutoka Uvira, mwenye fimbo kavu za aina ya 7018, zilizokaushwa kwa moto kabla ya kutumika. Halafu tukaweka bamba la chuma ndani ya longero, tukalifunga kwa boliti. Miisho ya bamba tuliikata kwa mshazari, siyo wima. Bamba lililokatwa wima linahamisha ufa tu, linaupeleka mwisho wake.

Vishikio vyangu vyote vinne tulivikata na kusaga. Mahali pake tukatumia matundu ambayo kiwanda kilitoboa chenyewe ubavuni mwa longero, pale seleti ilikuwa imefungwa. Boliti ni za daraja 8.8. Juu ya longero na chini yake kuko ukingo. Pale hatukutoboa hata tundu moja, ju hapo ndipo nguvu yote ya shasi iko. Kati ya longero na karoseri kuko mti mgumu, ili chuma kisisuguane na chuma. Nyuma karoseri imefungwa kabisa. Mbele imefungwa kwa boliti ndefu zenye springi, ili shasi ikijinyonga, karoseri isiizuie. Mkiona mbele ya karoseri inacheza kidogo kwenye mashimo, msiogope wala msiniambie niikaze. Imefanywa hivyo kwa makusudi.

Tangu hapo tumefanya safari 11. Kila tukirudi, kijana anaingia chini na kitambaa na tochi. Hakuna ufa. Anaandika kwenye daftari, na daftari iko pale mezani, mtu yeyote anaweza kusoma.

Jambo la tatu ni uzito. Hapa ndipo kuko kelele kubwa.

Gari hii inaitwa ya tani 5. Lakini ile ni tani ya Marekani, yenye kilo 907, siyo 1,000. Tani 5 zao ni kilo 4,535 zetu, na hiyo ndiyo hesabu ya njia mbaya. Kwenye lami inaruhusiwa zaidi, lakini nionyesheni lami yenu iko wapi. Sasa, karoseri tuliyojenga ina karibu kilo 900. Seleti na vyuma vyake tulivyotoa vilikuwa karibu kilo 400. Tumeongeza kilo 500. Ukitoa 500 kwa 4,535, unabaki na 4,035. Ni magunia 40 ya kilo mia. Si 60. Si 80 na watu 20 juu yake.

Mnaniambia: "Lori za wafanyabiashara zinabeba mara mbili, na zinafika." Ndiyo, zinafika. Na zile ambazo hazikufika, nyinyi mnajua makaburi yake yako wapi pembeni ya njia hii. Sitaki kutaja majina ya marehemu ya watu hapa.

Kuhusu breki niseme neno moja. Hata jeshi la Marekani lenyewe, baada ya ajali, liliweka kikomo cha maili 40 kwa saa kwa magari ya jamii hii. Breki zilikuwa zinaweza kufunga magurudumu, na gari linateleza njia ikiwa na maji. Baadaye walianza kuyafungia breki za kuzuia jambo hilo. Yetu haina. Kwa hiyo shoferi wetu hapiti kilomita 40 kwa saa, hata njia ikiwa kavu, hata mwenye mzigo akimpa pesa ya soda. Na kila asubuhi, kabla ya kuondoka, anafungua vali za mitungi ya upepo kutoa maji. Mabomba ya upepo ya kwenda kwa tela tumeyaziba. Bomba moja likiachwa wazi, upepo wa breki unatoka wote.

Jambo la nne ni watu. Kuko ombi kwenye komite tuweke vyuma virefu pembeni, watu wakae juu ya magunia na walipe nauli. Nimefanya hesabu pia. Nauli ya watu 20 ingelipa mazutu ya safari nzima, na motoka hii inakunywa: tukiwa na mzigo tunahesabu karibu lita 50 kwa kilomita 100. Kwa hiyo sisemi ombi lile ni la kijinga. Mwenye ombi anataka chama kisife kwa mazutu. Lakini mtu aliyekaa juu ya gunia la 40 yuko juu ya usawa wa kabini. Uzito wa juu unapindua lori kwenye mteremko. Mimi nimefunga karoseri ya mizigo. Sikufunga viti, sikufunga ngazi. Kabini inabeba shoferi, msaidizi na mwakilishi mmoja wa wenye mizigo. Mgonjwa akipatikana njiani, anachukua mahali pa mwakilishi. Hilo tumeshafanya mara mbili, na mara moja alikuwa mama mwenye uchungu, mtoto akazaliwa salama.

Tutapata wapi pesa ya mazutu? Tusirudi tupu. Uvira tunachukua chumvi, saruji, bati. Safari tano za mwisho tumerudi na mzigo wa maduka ya hapa, na zimejilipa. Siyo faida kubwa. Zimejilipa.

La mwisho ni rangi. Kuko vijana walionuna tulipofuta rangi ya jeshi. Ndugu zangu, njia hii ina barieri, ina watu wenye silaha za kila namna. Sitaki mtu hata mmoja, usiku au mchana, aone lori letu kwa mbali na kudhani ni la askari. Tumelipaka rangi nyeupe na buluu, na jina la chama liko pembeni kwa herufi kubwa. Sisi ni raia. Tulikimbia risasi mara moja, inatosha.

Hesabu za pesa mweka hazina atazisoma. Mimi niseme tu kwa wafadhili: karatasi za malipo zote ziko kwenye ubao wa ofisi, hata zile za kosa langu, zimeandikwa "kurekebisha shasi, kosa la ufundi". Tungeweza kuandika "matengenezo" tu, hakuna ambaye angejua. Lakini chama kikianza kuficha ufa kwenye karatasi, kitaficha na chini ya lori.

Ninayowaomba ni mambo matatu, mpige kura kwa kila moja peke yake. Moja: magunia 40 iwe sheria ya chama, iandikwe kwenye mlango wa lori, na prezida mwenyewe asiweze kuivunja, hata kwa mzigo wa ndugu yake. Mbili: watu wasipande juu ya mizigo. Tatu: kabla ya kununua kitu kingine chochote, tununue viatu vya breki vya ekseli za nyuma na springi moja ya akiba, na bati nzuri kwa depo, ili lori likilala, mhogo usioze. Hili la bati limeletwa na Mama mwenyewe. Mimi nililisahau.

Mkikataa la kwanza na la pili, sitakasirika, chama ni chenu. Lakini funguo nitamrudishia prezida leo hii, atafute fundi mwingine. Mimi nimeshaona ufa mmoja kwa macho yangu.

Nimemaliza. Ulizeni.

(Baada ya maswali, wanachama walikubali jambo la kwanza na la tatu kwa sauti moja. Jambo la pili lilijadiliwa mpaka saa kumi na moja jioni, likakubaliwa kwa wingi wa kura. Funguo zimebaki kwa fundi.)